Georg Simon Ohm, mwalimu aliyepima njia ya umeme

Mtu akiona taa ya umeme ikiwaka katika nyumba, hushangaa kwanza, kisha huzoea, na mwisho hasahau tu kushangaa bali husahau hata kuuliza. Lakini palikuwa na mwalimu mmoja wa shule ambaye hakuacha kuuliza. Alitaka kujua ni kiasi gani cha umeme kinachopita katika uzi wa shaba, na ni kitu gani kinachokipunguza. Aliuliza kwa miaka mingi, akapima kwa mikono yake mwenyewe, akapata jibu fupi ambalo leo mafundi wa dunia nzima hulitumia kila siku. Jina lake ni Georg Simon Ohm.

1. Nyumba ya fundi wa makufuli

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, nchi ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti, watu wa kazi, wasio na mali. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa makufuli. Mama yake alikuwa binti wa mshonaji nguo. Walizaa watoto saba, lakini kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za siku zile, wanne walikufa wakiwa wadogo. Wakabaki watatu: Georg, ndugu yake Martin, na dada yao Elizabeth. Mwaka wa 1799, Georg alipokuwa na umri wa miaka kumi, mama yao naye alifariki.

Baba huyo aliyebaki peke yake na watoto hakuwa mtu wa kukata tamaa. Yeye mwenyewe hakufundishwa na walimu wakubwa, bali alijifunza hesabu katika vitabu, jioni, baada ya kuweka chini nyundo na tupa. Yale aliyoyapata kwa jasho aliwagawia wanawe. Mchana walimwona akichonga chuma mpaka ufunguo uingie katika kufuli bila kukwama. Usiku aliwafundisha hesabu na maumbo. Hivyo Georg alipata urithi wa namna mbili: mikono inayojua kutengeneza chombo, na akili inayopenda hesabu iliyo sawa. Baadaye profesa mmoja wa Erlangen, jina lake Langsdorf, aliwapima vijana hao wawili, akastaajabu kuona kwamba watoto wa fundi wamefikia kiasi kile. Ndugu yake Martin naye alikuja kuwa profesa wa hesabu katika mji wa Berlin.

2. Ujana na masahihisho ya baba

Mwaka wa 1805 Georg aliingia katika chuo kikuu cha Erlangen. Lakini kijana akitoka mikononi mwa mzazi huonja uhuru, na uhuru una utamu wake. Georg alipenda kucheza dansi, kuteleza juu ya barafu na kucheza biliadi kuliko kufungua vitabu. Baba yake alikasirika sana alipoona kwamba nafasi ile, ambayo yeye hakuipata kamwe, inatupwa bure. Baada ya miezi kama kumi na minane tu, kijana alitolewa chuoni, akapelekwa Uswisi kufundisha hesabu katika shule ya Gottstadt.

Pengine wengine wangeona uchungu na kuharibika kabisa. Georg hakufanya hivyo. Huko ugenini alifundisha watoto mchana, na saa zilizobaki alisoma peke yake vitabu vya wataalamu wakubwa wa hesabu. Mwaka wa 1811 alirudi Erlangen, akapewa shahada ya udaktari tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo. Alifundisha chuoni kwa muda mfupi, lakini mshahara haukumtosha hata kwa chakula. Mwaka wa 1813 akakubali kazi katika shule ndogo ya mji wa Bamberg, nayo ikafungwa mwaka wa 1816. Alikuwa na miaka karibu 27, mwenye elimu nyingi na mfuko mtupu.

3. Katika shule ya Köln

Mwaka wa 1817 Ohm alitoa kitabu chake cha kwanza, juu ya namna ya kufundisha elimu ya maumbo. Kitabu hicho kilimfungulia mlango. Aliitwa kufundisha hesabu na fizikia katika mji wa Köln, katika shule ambayo zamani ilikuwa ya Wayezuiti na iliyokuwa bado na jina lao. Huko alikuta kitu alichokuwa hajakipata mahali pengine: chumba chenye vyombo vya kufanyia majaribio.

Wakati ule ulikuwa wakati wa habari kubwa. Mwaka wa 1800 Alessandro Volta wa Italia alikuwa amekwisha kutangaza chombo cha kwanza cha kutoa umeme mfululizo. Alipanga vipande vya madini ya namna mbili, kimoja juu ya kingine, na katikati yake kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi. Mwaka wa 1820 mwalimu mmoja wa Denmark, Oersted, aliona kwamba umeme ukipita katika uzi, sindano ya dira iliyo karibu hugeuka. Mara moja André-Marie Ampère wa Ufaransa akaanza kueleza jambo hilo kwa hesabu. Basi Ohm alijisemea moyoni kwamba, ikiwa sindano hugeuka kwa nguvu ya umeme, ndiyo itakayokuwa mizani yake. Sindano ikigeuka sana, umeme unaopita ni mwingi. Ikigeuka kidogo, ni mchache.

Vyombo alivyohitaji havikuuzwa dukani. Ohm alivitengeneza mwenyewe, na hapo ndipo mikono ya mtoto wa fundi wa makufuli ilipofaa.

4. Kosa la 1825 na saburi ya 1826

Mwaka wa 1825 Ohm alitangaza majaribio yake ya kwanza, pamoja na kanuni ya hesabu aliyoitoa katika majaribio hayo. Kanuni hiyo haikuwa sawa. Sababu ilikuwa katika chombo cha umeme alichotumia: kila alipounganisha uzi, umeme ulikuwa mkali kwanza, kisha ukalegea. Ni kama mtu apimaye nafaka kwa kikapu ambacho hupungua kila mara anapokijaza. Hata akihesabu vizuri namna gani, jumla yake haitakuwa ya kweli.

Ohm hakutetea kosa lake. Alitafuta chanzo cha umeme kisichobadilika. Mtaalamu mwenzake, Poggendorff, alimshauri atumie jambo lililovumbuliwa na Seebeck mwaka wa 1821: ukiunganisha madini ya namna mbili, ncha moja ukaitia katika moto na nyingine katika baridi, umeme mdogo hupita, nao haulegei maadamu moto na baridi havibadiliki. Ohm akachukua kipande cha bismuthi, akakiunganisha na shaba. Kiungo kimoja alikiweka katika maji yanayochemka, na kingine katika barafu. Maji yanayochemka hayazidi moto wake, wala barafu inayoyeyuka haizidi baridi yake. Sasa alikuwa na kikapu kisichobadilika.

Kisha akatayarisha nyuzi nane za shaba, zote za unene mmoja, ila urefu wake mbalimbali: wa kwanza inchi 2, halafu 4, 6, 10, 18, 34, 66, na wa mwisho inchi 130. Aliziunganisha moja moja, na kila mara alitazama sindano iliyotundikwa juu ya uzi, akaipima kwa uangalifu. Alirudia kazi hiyo siku moja baada ya nyingine, katika miezi ya baridi ya mwanzo wa mwaka wa 1826.

Matokeo yalikuwa wazi. Kadiri uzi ulivyorefuka, umeme uliopita ulipungua. Wala haukupungua ovyo, bali kwa mpango ule ule. Kila inchi ya shaba iliongeza kizuizi kilicho sawa na kile cha inchi iliyotangulia. Naye alipopunguza tofauti ya moto na baridi, msukumo wa umeme ulipungua, na umeme uliopita ukapungua kwa kiasi kile kile.

5. Maana ya sheria hiyo

Ili kuifahamu sheria ya Ohm, inafaa kufikiri maji yanayoshuka kutoka kisima cha mlimani kwa bomba la mwanzi. Kisima kikiwa juu sana, maji husukumwa kwa nguvu. Mwanzi ukiwa mrefu na mwembamba, huyazuia. Ukiwa mfupi na mpana, huyaacha yapite. Basi maji yanayofika bondeni hutegemea mambo mawili: msukumo wa kisima na kizuizi cha mwanzi.

Umeme nao ni hivyo. Msukumo wake hupimwa kwa volti, jina lililotoka kwa Volta. Wingi wa umeme unaopita kila nukta hupimwa kwa ampea, jina lililotoka kwa Ampère. Na kizuizi cha uzi hupimwa kwa omu, jina la Ohm mwenyewe. Sheria ndiyo hii: ampea ni volti zikigawanywa kwa omu. Kwa hiyo, anayejua volti na ampea aweza kupata omu kwa kuzigawanya, volti kwa ampea.

Mfano: tochi yenye betri mbili ina msukumo wa volti 3. Fundi akipima na kuona kwamba ampea 0.3 zinapita katika taa yake, agawanye 3 kwa 0.3, atapata 10. Kizuizi cha taa ile, inapokuwa inawaka, ni omu 10. Neno hilo, inapokuwa inawaka, lisisahauliwe. Kwani madini yakipata moto sana, kizuizi chake huongezeka. Taa iliyo baridi ina kizuizi kidogo kuliko taa inayowaka. Sheria ya Ohm hushika barabara katika madini ambayo moto wake haubadiliki, na ndiyo sababu yeye mwenyewe alijihadhari kuwa na moto na baridi visivyobadilika.

6. Kitabu kilichopokewa kwa baridi

Ohm alitambua kwamba amepata jambo kubwa. Aliomba ruhusa ya kuacha darasa kwa mwaka mmoja, akapewa pamoja na nusu ya mshahara. Alikwenda Berlin kukaa kwa ndugu yake Martin, na mwaka wa 1827 akatoa kitabu chake juu ya mzunguko wa umeme ulioelezwa kwa hesabu. Alitumaini kwamba kitabu hicho kitampatia nafasi katika chuo kikuu.

Tumaini hilo halikutimia. Wataalamu wengi wa Ujerumani siku zile hawakupenda kuona elimu ya maumbile ikielezwa kwa hesabu ngumu. Wengine hawakukifahamu kitabu, na mmoja aliyeitwa Pohl alikishambulia hadharani. Ohm alihuzunika mno. Mwaka wa 1828 aliacha kazi yake ya Köln, akabaki Berlin akifundisha hesabu huku na huku kwa malipo madogo. Hakuoa, wala hakuwa na nyumba yake. Miaka kadhaa ilipita hivyo. Sheria ilikuwa ya kweli katika miaka hiyo kama ilivyo leo, lakini mwenye kuipata aliishi kama mtu aliyeshindwa.

Mwaka wa 1833 alipata kazi katika shule ya ufundi ya Nürnberg, na mwaka wa 1839 akawa mkuu wake. Wakati huo kweli ilikuwa ikitembea polepole bila yeye. Fechner wa Leipzig alirudia majaribio yake na kuyathibitisha. Lenz, aliyefanya kazi Urusi, aliitumia sheria yake. Pouillet wa Ufaransa alifika mahali pale pale kwa majaribio yake mwenyewe. Mwaka wa 1841 Chama cha Kifalme cha Wataalamu cha London kilimpa Ohm medali ya Copley, iliyokuwa heshima yake kubwa kabisa. Ohm alikuwa na miaka 52. Ndipo watu wa kwao nao walipoanza kumtazama kwa macho mengine. Mwaka wa 1849 aliitwa München, na mwaka wa 1852 akapewa kiti cha profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha huko. Alikuwa amekingojea tangu ujana wake, akakikalia miaka miwili tu. Alikufa tarehe 6 Julai 1854, akazikwa München.

7. Nguvu ya umeme

Mwaka ule ule wa 1841, ambao Ohm alipewa medali, Mwingereza mmoja, James Joule, mwana wa mtengeneza bia, alitangaza jambo lililo kama ndugu wa sheria ya Ohm. Aliweka nyuzi ndani ya maji, akapitisha umeme, akapima jinsi maji yalivyopata moto. Aliona kwamba umeme ukizidi mara mbili katika uzi ule ule, moto hauzidi mara mbili, bali mara nne; ukizidi mara tatu, moto huzidi mara tisa. Yaani moto unaotoka kila nukta hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea zenyewe, kisha kuzidisha kwa omu.

Ukiunganisha maneno ya Joule na ya Ohm, utapata hesabu nyepesi: nguvu ya chombo cha umeme ni volti zikizidishwa kwa ampea. Nguvu hiyo hupimwa kwa wati, jina lililotoka kwa James Watt, Mskoti aliyetengeneza vizuri mashine ya mvuke. Tochi ya volti 3 na ampea 0.3 ina nguvu ya wati 0.9. Pasi ya umeme ya volti 220, inayopitisha ampea 5, ina nguvu ya wati 1,100. Na ukigawanya 220 kwa 5, utaona kwamba kizuizi chake ni omu 44. Jaribu kwa njia ya Joule: 5 mara 5 ni 25, na 25 mara 44 ni 1,100. Hesabu mbili zinafika mahali pamoja.

Hesabu hizo si za darasani tu. Fikiri kwamba wati 10,000 zinapelekwa mbali kwa nyuzi zenye kizuizi cha nusu omu. Zikipelekwa kwa volti 100, lazima ampea 100 zipite. Basi 100 mara 100, mara nusu, ni wati 5,000. Nusu ya nguvu yote inapotea njiani kwa kupasha nyuzi moto. Lakini zikipelekwa kwa volti 1,000, ampea 10 tu zinatosha. Nazo 10 mara 10, mara nusu, ni wati 50. Hasara imekuwa ndogo mara mia. Hii ndiyo sababu nyuzi zinazotoka Inga, kwenye mto Kongo, kupeleka umeme Kolwezi katika nchi ya migodi ya shaba, safari ya kilometa kama 1,700, zilijengwa kwa msukumo mkubwa wa volti 500,000. Waliozijenga, kazi iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, walihesabu kwa sheria ile ile iliyopatikana kwa nyuzi nane za shaba, maji ya moto na barafu.

8. Jina lililobaki

Mwaka wa 1881 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Paris ili kupatana juu ya vipimo vya umeme. Huko walikubali kwamba kipimo cha kizuizi kitaitwa kwa jina la Ohm. Alikuwa amekufa miaka 27 iliyopita. Hakuacha mtoto wala mali, lakini jina lake limeandikwa katika kila kitabu cha ufundi wa umeme.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kabla yake, Mwingereza tajiri aliyeitwa Henry Cavendish alikuwa amekwisha kuikaribia sheria hiyo, karibu na mwaka wa 1781. Lakini aliyafungia maandiko yake nyumbani, nayo hayakuchapwa mpaka mwaka wa 1879. Taa iliyofunikwa chini ya pishi haimulikii mtu. Ohm alikuwa maskini, naye aliweka taa yake juu ya kinara, hata ikamletea dharau badala ya sifa. Na kwa mwanga huo wengine waliona njia.

Tena mwalimu huyo alikosea, akakubali kosa, akapima upya. Kama angeshika kanuni yake ya 1825 kwa kiburi, mwaka wa 1826 usingempa kitu. Mtu akijua kurudi nyuma hatua moja ili ashike njia iliyo sawa, hajapoteza safari.

Maulizo

1. Baba yake Ohm alifanya kazi gani, na kazi hiyo ilimfaaje mwanawe?
2. Kwa nini kanuni ya mwaka wa 1825 haikuwa sawa?
3. Maji yanayochemka na barafu vilitumika kwa sababu gani?
4. Taa ina msukumo wa volti 12, na ampea 2 zinapita ndani yake. Kizuizi chake ni omu ngapi, na nguvu yake ni wati ngapi?
5. Kwa nini umeme unaokwenda mbali hupelekwa kwa volti nyingi?

Jibu la ulizo la nne: omu 6, wati 24.